Mawese Kwenye Shaba

Florentin Beya alikutwa amelala chali kando ya gari. Kapo, kifuniko cha injini, ilikuwa wazi, na mkono wake wa kuume umeungua mpaka kwenye kiwiko. Uso wake, usiulize. Mtu ambaye kicheko chake kilisikika kutoka bandarini mpaka sokoni, leo kimya.

Garaji lake la mtaa wa Kasuku lilishajaa watu kama kwenye matanga, na matanga yenyewe bado hayajatangazwa. Wauza mikate, waendesha baiskeli, akina mama na beseni zao za samaki, kila mmoja na habari yake. Inspekta Bernadette Misenga wa polisi ya upelelezi alipenya katikati yao kwa viwiko.

"Rudini nyuma ya kamba!"

"Kamba iko wapi, Mama Inspekta?"

Kweli, kamba haikuwapo. Aliyetakiwa kuifunga ni mwenzake, Inspekta Israël Kazadi, naye alikuwa barabarani anaongea na mtu wa redio. Kama kawaida yake. Mwaka jana Bernadette alilala kwenye matope akiwafuatilia wezi wa reli, akawakamata, na redio ikasema: "Hongera Inspekta Kazadi." Jina hilo lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki ngolo, na mpaka leo halijashuka.

Aliinama. Chini ya gari kulikuwa na chupa ndefu ya chuma, ya gesi, iliyopakwa buluu. Robine yake, koki ya kufungulia gesi, ilikuwa imeyeyuka nusu.

"Nitro imemulipukia!" mtu alipaza sauti. "Tulisema! Angetia kompresa!"

Mji mzima wa Kindu ulijua habari ya gari hilo. Ni Carina nyeupe ya Isidore Ngoyi. Asubuhi inapeleka watoto shule, baadaye inabeba wanunuzi wa dhahabu kwenda machimbo ya Kama. Mvua ikinyesha, kwenye kilima cha njia ya Pangi inatapatapa, na magari mengine yanaipita huku abiria wake wanazomewa. Isidore akataka kuiongezea injini nguvu. Hapo mji ukagawanyika.

Bulaimu, fundi wa upande wa pili wa barabara, alisema: tia kompresa. Hiyo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, inasukuma hewa ndani muda wote. Florentin akasema: tia nitro. Ni gesi ya chupa. Unabonyeza kitufe, gari linaruka. Ukiachia, linarudi upole wake wa kuzaliwa.

Kwenye meza za bia watu karibu wapigane. "Nitro ni kama mpenzi wa siku ya mshahara," walisema wa kompresa. "Chupa ikiisha, unakaa kungoja ndege ya Goma ilete nyingine." Wa nitro wakajibu: "Na kompresa ni mama mkwe aliyehamia! Iko pale kila siku, inakula mafuta ya esansi kila siku, inaipandisha injini homa kila siku!" Isidore akachagua nitro. Upande wa pili wa barabara, Bulaimu alifunga mlango wake mapema siku hiyo.

"Mshukiwa tunaye," Israël alisema, simu bado sikioni. "Isidore mwenyewe. Watu wamemsikia baani akimwambia marehemu: ukimuchekea bibi yangu tena, nitakuchoma. Na sasa ameungua. Unataka nini zaidi?"

Isidore alikutwa nyumbani, akatiwa kasho, mahabusu ya kituo. Bernadette na Israël wakamhoji pamoja.

"Ulisema utamchoma?" Bernadette aliuliza.

"Nilisema, Mama. Florentin alikuwaka anachekesha bibi ya kila muntu. Nathalie wangu anacheka kule mpaka anashika ukuta. Kwangu miye hachekake vile."

"Kwa hiyo ulikuwa na wivu."

"Sana! Lakini wivu yangu iko ya mudomo tu."

"Chupa uliigusa?"

"Niliitoa uwanja wa ndege, nikaishusha kwake. Basi. Na jana tulishabadilisha hata..."

"Jibu ulichoulizwa!" Israël alidakia, akapiga meza. "Uliigusa au hukuigusa?"

"Niliigusa."

"Andika hapo: aliigusa." Israël alijinyoosha kama mtu aliyeshiba. "Kesho tunamkabidhi kwa mwendesha mashtaka. Imeisha."

Bernadette alitoka nje. Kwenye lango la kituo watoto watatu wa Isidore walikuwa wamesimama na sare za shule, wanangoja gari ambalo halitakuja. Mkubwa alimwangalia. Mauaji, na mshukiwa aliyetisha hadharani kwamba atachoma: mtu wa namna hiyo akipelekwa gerezani, watoto wake wanakua bila yeye.

Alikwenda kwa daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti. Mwili haukuwa na jeraha jingine, wala dalili ya sumu. Moto wa ghafla, umetokea mbele, umemkuta ameshika robine.

"Daktari, nitro inawaka hivyo?"

"Hata sisi tuko nayo, ya kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji. Ina hatari zake, lakini robine kuyeyuka namna hii? Ungeniambia oksijeni, ningeelewa. Oksijeni ya chupa na mafuta havikutani. Wauguzi wangu wananawa kwa sabuni kabla ya kuigusa."

Bernadette alirudi kwenye kielelezo. Alikwaruza rangi ya shingoni mwa chupa kwa ukucha. Chini ya buluu ikatokea nyeupe. Nyeupe ni rangi ya oksijeni, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Mtu alikuwa amebadilisha chupa, akaivalisha hii nguo ya nyingine.

Kati ya chupa na bomba la gari kulikuwa na kiungio cha shaba kilichochongwa kwa mkono, maana mdomo wa oksijeni haulingani na bomba la nitro. Alikigeuza mkononi. Upande wa bomba, aliofunga Florentin, ulikuwa mweusi, na kwenye mikunjo yake kuna utando mwekundu. Akaunusa. Mawese.

Hilo halikumshangaza. Wakati wa vita, treni ilipokufa na mji ukafungwa pande zote, grisi ilikwisha. Mafundi wa Kindu wakaanza kupaka mawese kwenye kila nati, na vita ilipokwisha mkono ukakataa kuacha. Marehemu baba yake Bernadette, mtu wa reli, alipaka mawese mpaka bawaba za kabati.

Kilichomshangaza ni upande wa pili, ule ulioingia kwenye chupa. Uling'aa. Hakuna mawese wala chembe ya mafuta. Umeoshwa kwa sabuni.

"Mmoja alipaka," alijiambia, "na mmoja alijua hapaswi kupaka."

Mchana huo matanga yalikuwa kwa Bulaimu, maana Florentin alikuwa mtu wa Kasai asiye na ndugu mjini, na Bulaimu ndiye rafiki yake wa siku nyingi. Nyumba ilijaa mpaka barazani. Aïcha, mke wa Bulaimu, alikuwa anapakua pondu ya majani ya muhogo na kusimulia kwa wakati mmoja, na midomo yote imefunguka kumsikiliza.

"Munakumbuka njaa ya chumvi, wakati ya vita? Watoto wanavimba miguu! Florentin njo alifufua kile kigari cha reli, alitia ile kompresa ya mashini ya treni ya zamani, akakitembeza mpaka Kibombo. Akarudi na magunia ya chumvi! Mi nilikuwa kigori. Nilisema, huyu njo mwanaume!"

Wakacheka katikati ya machozi. Bulaimu, aliyekuwa anakaza mguu wa benchi lililolegea, alisimamisha mkono. Taya lake tu ndilo lilicheza.

Bernadette aliliona taya hilo. Alilifahamu. Aliliona kwenye kioo chake mwenyewe siku ile redio iliposema Kazadi.

Bulaimu alichovya kidole kwenye kopo la mawese, akapaka nati ya benchi, akaendelea kukaza. Geti la nyuma yake lilikuwa buluu, na sehemu ya chini ilikuwa bado haijapakwa, kana kwamba rangi ilimwishia njiani.

"Yaya Bulaimu," Bernadette alisema kwa upole, kama anayemwita kaka mkubwa, "pole na musiba. Chupa yako ya kuchomelea iko wapi?"

"Iliisha."

"Na tupu yake?"

"Niliirudisha."

"Mama Aïcha, kuna chupa yoyote ya gesi hapa nyumbani?"

"Ile ya buluu? Iko jikoni, chini ya magunia ya makaa. Bwana yangu alisema nisiiguse, ni ya kazi." Aïcha alikuwa bado na upawa mkononi. "Kuna nini?"

Bernadette aliingia jikoni, akaondoa magunia. Chupa ilitolewa. Ilikuwa ya nitro, nzima, na karatasi ya uwanja wa ndege bado imebandikwa.

Kituoni Bernadette aliweka kiungio cha shaba mezani.

"Nani alichonga hiki?"

"Fundi yoyote anaweza."

"Nimepita garaji lako, yaya. Kiti chako kina mawese. Jiliwa ina mawese. Hata msumari wa kutundikia kofia. Tangu vita, hujafunga kitu bila kupaka. Mbona hiki kimoja umekiosha?"

Bulaimu aliangalia meza.

"Florentin hakuwahi kuchomelea," aliendelea. "Kila chuma kilichovunjika alikuletea wewe. Hakujua habari za oksijeni. Wewe ulijua atachovya kidole kama mlivyozoea wote wawili. Ulimngoja aende kula, ukabadilisha chupa."

Bulaimu alikishika kiungio, akakizungusha kama anayetafuta kasoro ya kazi yake.

"Ile kompresa, miye niliitoa," alisema taratibu. "Kwenye mashini iliyokufa, risasi zinapita juu. Tazama." Akapandisha shati. Ubavuni alikuwa na kovu pana. "Miye niliifunga, miye niliungua. Florentin aliendesha tu. Lakini aliyeendesha njo watu waliona. Alifika na chumvi, akacheka, na mji ukampa sifa yote. Mpaka bibi yangu! Kila harusi, kila matanga, katika nyumba yangu: Florentin njo alituletea chumvi. Na macho yake yanang'aa."

"Ulimweleza mkeo?"

"Muntu anajisifu aje mbele ya bibi yake? Nilingoja aulize. Hakuuliza." Akakiweka kiungio mezani. "Nikasema, basi, kompresa ingali kwangu. Nimeitunza miaka yote, nimeifunga kwa kitenge. Nitaitia kwenye gari ya Isidore, itapanda kile kilima kila siku, na Kindu itauliza: nani amefanya hii? Florentin akaja na chupa yake, na kicheko yake. Isidore akamufuata. Hata hiyo akaninyang'anya!"

"Ukamuua."

"Niliosha ile shaba kwa sabuni ya bibi yangu," alisema Bulaimu. "Ndiyo. Nilimuua."

Bernadette aliagiza Isidore aletwe.

"Asubuhi ulikatizwa. Ulisema mlishabadilisha kitu. Maliza."

Isidore aliwaangalia wote kwa zamu. "Tulishabadilisha mawazo, Mama. Florentin mwenyewe alinibadilisha. Alisema nitro ni ya kucheza, lakini gari ya kila siku inahitaji nguvu ya kila siku. Akasema: 'Tia kompresa ya Bulaimu. Ile ilitufikisha Kibombo, na aliyeifunga ni yeye, mi nilishika usukani tu.' Leo angefungua chupa mara moja, nisikie tofauti kwa masikio yangu. Halafu tungevuka barabara pamoja, tumuambie kazi ni yake."

Bulaimu alimkodolea macho. Sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto.

"Angevuka?"

"Alisema atanawa hata mikono, aje kwako vizuri."

Nje ya dirisha Israël alikuwa amesimama na mtu wa redio, kifua mbele, anaeleza jinsi alivyoshuku ile rangi ya buluu tangu mwanzo. Bernadette alisikia mfupa ule ukigeuka tena kooni.

Akaitazama mikono ya Bulaimu. Askari alikuwa anaipaka wino wa alama za vidole, kidole kimoja baada ya kingine, na wino haukushika vizuri kwa sababu ya mawese.

Bernadette aliufunga mlango, sauti ya Israël ikabaki nje. Akachukua ufunguo, akamfungua Isidore pingu, akampeleka langoni walipokuwa watoto wake.