Mkanda Usioazimwa

Ilianza na harufu ya siki. Mke wa karani alisema imo jikoni, karani akasema ni pua yake tu. Alijua fika inatoka kabatini, kwenye filamu zake za kale za kutisha. Mkanda ukianza kuoza hunuka hivyo. Lakini safari hii ilikuwa kwenye nywele za mkewe.

Karani alifanya kazi ofisi ya ukaguzi wa filamu. Filamu iliyopigwa marufuku huchomwa mbele ya shahidi, kwa fomu ya nakala tatu. Siku moja shahidi alikuwa likizo. Karani akajishuhudia mwenyewe, akagonga muhuri mara tatu, akaenda nyumbani na mkanda kwenye mfuko wa mboga.

Ilikuwa filamu bubu, nakala pekee iliyobaki: mwanamke ameketi, amewapa watazamaji mgongo, na kwa dakika arobaini hageuki. Utamu haukuwa hapo. Utamu ni kwamba Daktari wa Meno, mkusanyaji mwenzake na hasimu wake wa miaka mingi, hajaiona. Kila Jumamosi alipiga simu kubembeleza, na kila Jumamosi karani alimnyima, akala chakula chake kwa hamu.

Kisha mkewe akaketi vilevile, mchana kweupe, akiukabili ukuta, akaacha kula, akaacha kujibu, na kila karani alipozunguka kiti amtazame usoni alikuta mgongo, akirudi upande wa pili mgongo tena, mgongo na nywele zinazonuka siki, hata akawa anazunguka bila kusimama huku ananong'ona, mke wangu, mke wangu.

Mganga aliyeitwa alivaa miwani, akanusa kabati, akatikisa kichwa.

“Baba, jini huyu ana wivu kama wewe. Mpe mtu mwingine mkanda huo, kwa moyo mweupe. Mama atageuka.”

Daktari wa Meno alipigiwa simu, akafika akihema, mikono imetangulia.

“Naitazama leo leo, kaka. Mara mbili.”

Karani akampa kopo la mkanda. Daktari akalishika, karani hakuliachia. Akilini alimwona hasimu wake amejinyoosha kitini, na yule mwanamke wa filamu, baada ya miaka yote hiyo, anamgeukia hasimu huyo.

“Njoo Jumamosi,” alisema.

“Na mama je?” mganga aliuliza taratibu.

Karani akawatoa nje wote wawili, akafunga mlango. Nyuma yake kiti kililia.

“Nilijua hutaniacha,” ilisema sauti isiyo ya mkewe. Na karani, amelikumbatia kopo lake, aliona raha.