Kengele Ililia Jua Likiwaka

Kila mchana wa Agosti, baada ya chakula, nyumba ya Bibi Clelia iligeuka kuwa gereza. Ndivyo alivyoona Ersilia. Sahani zikishaoshwa, Bibi alifunga madirisha ya mbao kuzuia jua, akainua kidole na kutangaza sheria aliyorithi kwa mama yake.

"Aliyekula haingii majini mpaka zipite saa tatu. Tumbo likishikwa na baridi, mtu anazama kama jiwe!"

Ersilia alikuwa na miaka kumi na miwili, na sheria hiyo aliijua kuliko jina lake. Mdogo wake Tazio, mwenye miaka saba na pengo mbele, naye aliijua. Lakini likizo ile alikuja binamu yao Livia kutoka Bologna, msichana wa miaka kumi na mitatu na mjuzi wa kila kitu.

"Bibi, mwalimu wetu wa kuogelea anasema hayo ni mambo ya kale," alisema Livia.

"Mwambie aje," Bibi alijibu. "Nitampikia tambi kwa mchuzi wa sungura, naye atasubiri saa tatu kama wenzake."

Waliyoyataka hayakuwa mbali. Chini ya kijiji, mto Rio Cupo uliporomoka kutoka kwenye genge na kuangukia bwawa la kijani kibichi. Watu waliliita Paiolo, kwa kuwa lilikuwa la mviringo kama paiolo, ile sufuria ya shaba ya kusongea sima ya mahindi. Watoto waliruhusiwa kwenda huko pamoja na Mjomba Orfeo tu, na kwa sharti moja zaidi: kengele ya kanisa ikilia, kila mtu atoke majini. Bibi ndiye aliyetunza ufunguo wa kanisa. Wingu jeusi likikalia kilele cha mlima Monte Sordo, alikimbia kuivuta kamba, kama walivyofanya wanawake waliomtangulia. Wazee walisema mlio wake unavunja mvua ya mawe.

Livia aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu. "Kengele inafukuza mawingu? Basi na mimi nitapiga sufuria mwezi ushuke!"

Siku hiyo Mjomba Orfeo alikuwa akikusanya nyasi kavu za ng'ombe. Joto lilikuwa kali. Livia alimtazama Ersilia, Ersilia akamtazama Livia, na uongo ukamtoka Ersilia mdomoni laini kama siagi.

"Bibi, tunakwenda kuchuma tini kwenye shamba la juu."

Bibi hakuuliza mara mbili, maana Ersilia hakuwa na sifa ya uongo. Aliwapa kikapu, akamvika Tazio kofia. "Mlinde mdogo wako," alisema tu.

Nyuma ya nyumba walivuta nguo zao za kuogelea kutoka kwenye kamba, wakaficha kikapu kichakani, na badala ya kupanda kuelekea kwenye mitini wakateremka korongoni.

Paiolo hapakuwa na mtu. Walijitosa na tambi zikiwa bado tumboni. Hakuna aliyeshikwa na tumbo, hakuna aliyezama.

"Umeona?" Livia alipiga kelele kushinda maporomoko. "Wewe ni jiwe? Mimi ni jiwe?"

Ersilia alicheka. Moyoni alijisemea kwamba kama Bibi alikosea hili, huenda alikosea mengi. Wasichana wawili walivuka bwawa pamoja na Tazio, wakajilaza kwenye mwamba bapa wa ng'ambo kuota jua. Tazio alibaki kwenye maji ya kina kifupi karibu nao, akiendesha mashua ya gome la mti.

Hapo ndipo kengele ilipolia.

Ersilia aliinua kichwa. Kati ya kuta mbili za korongo, anga ilikuwa buluu tupu. Kengele ililia, ikalia, bila kupumzika.

"Tutoke," alisema.

"Jua lote hili?" Livia hakufumbua hata macho. "Juzi tumbo, leo kengele. Kesho atakukataza kupiga chafya."

Ersilia aliona haya, akajilaza tena. Lakini usingizi wa jua ulikuwa umekwisha. Ngozi ilimsisimka na masikio yakabaki wazi. Baada ya muda kengele ilinyamaza, na sasa alisikia kitu kingine: sauti ya maporomoko ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito. Majani makavu yalianza kuanguka pamoja na maji, kisha vijiti, kisha maji yenyewe yakawa rangi ya kahawa ya maziwa.

"Tazio! Njoo huku!"

Tazio alikuwa akifukuza mashua yake, ambayo ghafla ilikwenda mbio. Ersilia aliruka. Maji yaliyokuwa ya magotini yalimfika kiunoni, tena yalivuta. Alimkamata mdogo wake mkono, akateleza, akameza tope. Kwa mara ya kwanza maishani aliogopa kifo, na alikiogopa kwa ajili ya watu wawili. Livia alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa mwamba, mkono ameunyoosha hadi mwisho.

"Shika! Ersilia, shika, tafadhali!"

Alishika. Wakamvuta Tazio, wakajivuta wenyewe, wakaparamia ukuta wa mawe mpaka kwenye kibao chembamba cha mwamba palipoota mti mdogo wa mwaloni. Nyuma yao bwawa lilifura. Magogo yalipita yakigongana. Mwamba bapa walioulalia ukatoweka, na njia ya kurudi nyumbani, ng'ambo ya pili, ikatoweka pia. Kisha mvua nayo ikawafikia.

Walisimama wamekumbatia mti ule, meno yakigongana. Simu ya Livia haikushika mtandao humo korongoni, na sasa ilikuwa imekwenda na maji pamoja na viatu.

"Ersiliaaa! Tazioo!"

Mtu alikuwa akiwaita! Walipiga kelele mpaka koo zikakauka, lakini maporomoko yalimeza kila neno. Sauti iliita tena, mbali, juu, upande wa mitini. Kisha ikaita kutoka mbali zaidi.

"Wanakwenda huko kwa nini?" Tazio aliuliza, midomo yake imekuwa ya zambarau. "Kwani hawajui tuko hapa?"

"Hawajui."

"Kwa nini hawajui?"

Ersilia alimkumbatia tu, akatazama maji ya kahawia yakipanda jiwe baada ya jiwe, mpaka yakalamba vidole vya miguu yao. Livia alikuwa akilia waziwazi, mjuzi wa kila kitu, akimwita mama yake.

Ndipo kokoto zikaanguka kutoka juu. Ukafuata uso mwekundu wa Mjomba Orfeo, aliyekuwa amezunguka kwa daraja la juu, kisha kamba yake ya kufungia nyasi.

"Msishuke! Msisogee! Mtoto kwanza!"

Tazio alipandishwa, halafu Livia, na Ersilia mwisho. Walipotazama chini, kile kibao cha mwamba kilikuwa chini ya maji.

Nyumbani walitegemea kugombezwa. Wangependa kugombezwa. Lakini Bibi alikaa tu karibu na jiko la kuni, akimkausha Tazio nywele.

"Ulijuaje, Bibi?" Ersilia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mvua ilipokuwa imekwisha kukolea ndipo nilipokumbuka kuanua nguo. Nikakuta vibanio vimebaki, nguo zenu za kuogelea hazipo, nikamwita Orfeo akimbilie Paiolo." Bibi aliendelea kumkausha Tazio. "Kabla ya hapo, mvua imeanza nanyi hamjarudi, watu walikuwa shambani wakipekua kila mtini. Nilipita mlango kwa mlango nikiwaambia, wako shamba la juu, mjukuu wangu kaniambia mwenyewe."

Ersilia alianza kulia. Bibi akamfungulia viganja vyake. Vilikuwa vimechubuka kwa kamba ya kengele.

"Nilipoliona wingu mlimani, nilipiga kwa ajili ya watoto wa wenzangu. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, wangu wako salama kwenye mitini. Kumbe nilikuwa nawapigia ninyi."

"Mimi niliicheka kengele yako," Livia alisema, macho chini. "Anga ilikuwa buluu."

"Kwenu bondeni. Mimi niko juu, naona mvua inayonyesha mlimani kabla haijawashukia. Kama kengele inavunja mvua ya mawe, sijui. Na hilo la saa tatu, huenda mwalimu wako yuko sahihi. Lakini mtu mzima akikosea moja, usiyatupe mbali na mengine yote." Kisha akamgeukia Ersilia, akamfuta machozi kwa kona ya aproni. "Nawe sikiliza. Kwenda mtoni lilikuwa kosa. Uongo ulikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu ulimpeleka mahali pengine kila mtu aliyetaka kukuokoa. Mahali ulipo, uwe pabaya namna gani, niambie ukweli. Nitagomba, lakini nitakuja."

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyevuka kizingiti cha nyumba ile bila kusema anakokwenda. Tazio alizidisha. Hata usiku alisimama mlangoni mwa Bibi na kutangaza kwa sauti, "Bibi, nakwenda chooni, na ni kweli!"

Na hakuna aliyemcheka.