Pedali ya Tatu

Fundi Nati alifika kwa shemeji yake jua likizama, mkoba wa spana begani, akiwa na hakika kwamba kazi ingemchukua nusu saa. Pedali ya gitaa inayoshuka yenyewe ni ugonjwa wa kawaida. Ama nati imelegea, ama springi imechoka. Kwa miaka ishirini alikuwa ametengeneza vinanda, magitaa na hata cherehani za majirani, na hakuwahi kukutana na chuma kilichomfunga mdomo.

Gitaa lenyewe lilikuwa la marehemu kaka yake. Halikuwa la kupakata. Lilisimama kwa miguu minne kama meza, nyuzi kumi juu, pedali tatu chini. Ukikanyaga pedali, fito za chuma zinavuta nyuzi, na sauti inapanda taratibu, inalia. Kaka yake alilipenda kupita kiasi. Hakubanduka kwenye kiti chake, mpaka watu wakambandika jina la Kigoda, na akafa hivyo hivyo, ameketi, wiki tatu zilizopita.

"Karibu, shemeji," mjane alisema kwa sauti ya chini.

"Ahsante. Mtoto anaendeleaje?"

Mjane alielekeza kidevu kwenye mkeka.

Chiriku alikuwa ameegemea ukuta. Miaka saba. Jina hilo alipewa na Nati mwenyewe, kwa sababu mtoto yule aliongea mpaka ukatamani kutia pamba masikioni. Tangu baba yake azikwe hakuwa amesema neno hata moja. Wiki hii pumzi nayo ilianza kupungua. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi zisizokwisha. Daktari alimpima, akampima tena, hakuona kitu.

Nati alimpapasa kichwa na moyo ukamuuma. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na huyu ndiye aliyemhesabu kuwa wake.

"Kesho tumpeleke kwa daktari mwingine," alisema.

"Maliza pedali kwanza, shemeji."

Nati alipiga magoti, akawasha tochi. Alikuwa bado anatafuta bisibisi mkobani...

Tik.

Pedali ya tatu ilishuka. Hakuna aliyeigusa.

Nyuma yake Chiriku alifungua mdomo.

"Ba..."

Tak. Pedali ikarudi juu. Mdomo wa mtoto ukajifunga.

Nati alijiambia kwamba imetokea tu. Mafundi hujiambia mengi. Alikausha viganja kwenye suruali, akaligeuza gitaa miguu juu na kuanza kazi.

Uchunguzi wa pedali una utaratibu wake. Unaanzia inapokanyagwa, unafuata chuma kwa kidole mpaka kwenye uzi, huruki hatua. Alipima springi. Ilikuwa ngumu. Alijaribu nati. Zilikuwa zimekaza. Hakukuwa na kutu, hakukuwa na ufa, kila kiungo kimepakwa mafuta vizuri. Alipoweka kiganja juu ya pedali yenyewe, alikiondoa upesi.

Ilikuwa na joto. Joto la unyayo.

Akarudia kufuata fito. Pedali ile ilipaswa kuvuta nyuzi mbili, kwa hiyo fito mbili. Alihesabu tatu. Ufito wa tatu haukufika kwenye uzi wowote. Ulipita chini ya nyuzi zote, ukaingia kwenye tundu dogo lililochimbwa ubaoni. Alisogeza tochi. Kwenye ncha yake kulikuwa na fundo la nywele. Laini sana. Nywele za kichanga.

"Shemeji, hiki nini?"

Mjane alisogea karibu na mkeka.

Ufito usio na kazi hutolewa. Ndivyo alivyofunzwa, na mkono ulitangulia akili. Alitia spana, akazungusha robo tu.

Du. Du. Du.

Visigino vilikuwa vinagonga sakafu. Aligeuka na kumwona Chiriku ameshika koo, macho yamemtoka, midomo inageuka rangi. Nati aliirudisha nati mahali pake kwa vidole vilivyokuwa vikiteleza, na pumzi ya mtoto ikarudi kwa mlio mrefu mwembamba.

"Usiuguse tena," mjane alinong'ona. Alikuwa amemkumbatia binti yake. "Nilipaswa kukwambia. Niliogopa hutakuja."

Akamweleza, maneno machache machache, bila kuinua macho. Chiriku alizaliwa hakulia. Mkunga alishamfunika. Baba yake alitoka mbio, hakusema anakwenda kwa nani, akarudi kesho yake alfajiri na ufito ule. Akaufunga. Akakanyaga. Mtoto akalia.

"Tangu siku hiyo hakuinua mguu, labda dakika mbili tatu. Hata msalani alikwenda mbio. Alilala hapo hapo kwenye kiti."

Nati alijaribu kukumbuka hata siku moja aliyomsikia Chiriku akiongea huku baba yake hayupo kwenye gitaa. Hakuipata. Kisha akakumbuka mengine. Kwa miaka sita alikuwa amemnunia kaka yake kwa kutokuja kumzika mama yao. Alimwambia kwenye simu kwamba hilo gitaa lake ndilo litamzika. Kaka yake hakujitetea. Aibu ilimpanda Nati hadi masikioni, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Sasa nani anakanyaga?" aliuliza.

Mjane alitazama kiti kitupu.

"Mimi nimejaribu mpaka unyayo umechubuka. Hainikubali, mimi si damu ya kwao. Nadhani ni yeye, bado anajaribu. Kila jioni, saa aliyozoea kuanza kupiga. Lakini hana uzito, shemeji."

Kwa hiyo pedali haikuwa na ubovu wowote. Nati alilisimamisha gitaa kwa miguu yake na kuutazama mlango. Ulikuwa wazi, na barabarani watu walikuwa wanapita wakicheka. Hatua nne tu. Kisha akaisikia ile pumzi mkekani, nyembamba kuliko alivyoikuta.

Alivua kiatu cha kushoto. Akaketi. Kiti kilikuwa na baridi yenye unyevu, iliyopenya suruali hadi kwenye mifupa.

Akakanyaga.

Mkekani, Chiriku alifungua mdomo:

"Shikamoo, baba mdogo."

Sauti safi kabisa. Mashavu ya mtoto yalianza kurudisha rangi. Mjane alifunika uso akalia, na Nati naye akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Marahaba, Chiriku wangu. Marahaba."

"Baba mdogo..."

"Naam, mama."

"Umemkalia baba."

Chini ya Nati kitu kilisogea, polepole, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Harufu ya mafuta ya mashine na jasho ikampitia puani.

"Anasema usiinuke," Chiriku alisema. "Ametokea pembeni. Anasema ahsante. Anakwenda kulala."

Pazia la mlangoni lilipeperuka kuelekea nje. Hakukuwa na upepo. Baridi iliondoka nalo, na kiti kikaanza kupata joto.

"Mwite," Nati alinong'ona. "Mwambie angoje. Muulize ni mpaka lini."

Mtoto alitazama nje.

"Ameshafika mbali."

Alijaribu kuinua mguu. Kidogo tu, upana wa kidole. Safari hii haikubaki hata ile pumzi nyembamba. Chiriku alikauka mdomo ukiwa wazi. Nati alikanyaga kwa nguvu zake zote, akashikilia, mpaka mtoto akakohoa, akameza mate, akaendelea. Alikuwa na maneno ya wiki tatu. Alisimulia habari za jino lililong'oka, za rafiki yake aliyehama, za paka aliyezaa kabatini, haraka haraka, kwa furaha, akiruka kutoka hili hadi lile. Nati aliitikia "ehee" kila alipotakiwa. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Mke wake alijua atarudi baada ya nusu saa.

Mjane alifuta machozi kwa upande wa kanga. Alifunga mlango taratibu, akawasha taa, akasimama kando ya kiti.

"Utakula hapo hapo, shemeji?"