Begi la Harusi Lililolindwa Tongoni

Haya yalimfika rafiki yangu Zuwena wa Mombasa, mwanamke asiyemwogopa hata mama mkwe. Alivuka mpaka kuingia Tanzania na gari la kukodi, akimpelekea mdogo wake wa Ushongo gauni la harusi ndani ya begi. Mumewe, Nasri, akataka wapite Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale.

"Na begi je?" Zuwena akauliza.

"Buti la gari limefungwa, begi lina kufuli, ufunguo umo kifuani mwako. Nani atathubutu huko?" Nasri akalipiga buti kofi, akayapigia kelele makaburi: "Wenyewe wa hapa, tulindieni mzigo!"

"Koma, baba Hafsa! Hapa hapachezewi," Zuwena akamkemea mumewe.

Walipotosheka kutembea, wakaondoka. Mbele kidogo wakasikia nyuma, ndani ya buti, kitu kinatafuna, nyam, nyam, kwa mate mengi na bila haraka. Nasri akazima redio. Kikaendelea kutafuna.

Wakasimama. Buti lilipofunguka, likawatemea harufu ya kinywa kilicholala na chakula. Kufuli la begi lilikuwa zima. Zuwena akalifungua, akapenyeza mkono gizani mle. Gauni lilikuwa chepechepe. Vidole vyake vikazama kwenye kitu laini kinachoteleza, akakivuta nje: tonge la tambuu iliyotafunwa, jekundu, linachuruzika ute wa mate, na bado lina moto wa mdomoni.