Maneno Matano ya Januari

Jumapili nyumbani kwa Noreen Barraclough ilinukia nyama ya ng'ombe iliyookwa tangu asubuhi. Mvua iligonga dirisha, redio iliimba taratibu, na mwanawe Craig, kijana wa miaka ishirini, alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake akimenya viazi kwa kisu ambacho kiganjani mwake kilionekana kama njiti ya kuchokolea meno. Ungepita mtaani kwetu siku ile, ungesema nyumba hii ina heri.

Kijana huyu alikuwa ametia saini mkataba wake wa kwanza na timu ya mji wetu wa Skelby, kucheza raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu. Alicheza safu ya mbele. Kazi ya mtu wa mbele ni kupokea mpira na kukimbia moja kwa moja kwenye ukuta wa watu, aangushwe, ainuke, arudie tena, mara ishirini katika mchezo mmoja. Baba yake Len aliifanya kazi hiyo Jumamosi, na siku nyingine alichimba makaa ya mawe. Picha yake ilining'inia juu ya jiko, pua imepinda, na Skelby nzima ilizoea kusema kwamba Barraclough hatoki uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho.

Yashikeni maneno hayo, wazazi wenzangu, maana ndiyo yaliyoibomoa nyumba.

"Mama, jana tumepimwa vichwa," Craig alisema.

"Wamekuta nini humo? Viazi?"

"Sikiliza basi. Kila Januari daktari wa timu anakusomea maneno matano, unamrudishia. Kiatu, mvua, daraja, sukari, mshumaa. Anaandika umekumbuka mangapi. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu, anakusomea mengine, halafu analinganisha. Ukiwa umeshuka, unakaa nje."

"Na wewe ulikumbuka mangapi?"

"Yote. Lakini nikamtajia matatu." Akacheka. "Wachezaji wakongwe ndio wametufundisha. Ukijifanya mjinga Januari, huwezi kushuka Juni."

Noreen alicheka mpaka akashika meza. "Matatu mengi hayo. Mwakani mpe mawili. Uso wako unaruhusu."

Jumatatu aliipeleka hadithi hiyo buchani kwa mzee Hepworth, na foleni nzima ikacheka. "Kwa uso ule," mzee Hepworth alisema akifunga soseji kwenye karatasi, "hata akitaja moja daktari atampa hongera." Hakuna aliyeuliza: je, siku akiumia kweli, daktari atajuaje? Hata mimi nilikuwa kwenye foleni ile, na nilicheka.

Misimu kumi ikapita. Craig akawa mtu ambaye watoto wa Skelby walimwigiza kutembea. Alimwoa Leanne, binti wa duka la mikate, wakapata mtoto wa kike, Tilly. Alivunjika kidole, mbavu na taya, na kila mara alirudi. Kila Januari alimpa daktari maneno mawili, na kila alipogongwa kichwa alimpa mawili, akarudishwa uwanjani.

Mchana mmoja wa mwezi Julai, Leanne aliingia kwa mama mkwe wake bila kuvua koti.

"Mama, jana Craig alimsahau Tilly shuleni. Nilimkuta amekaa ndani ya gari nje ya nyumba, injini inanguruma, hajui alikuwa anakwenda wapi."

"Amechoka, mwanangu. Hata Len alikuwa anavaa soksi zisizofanana."

"Siyo soksi, mama. Juzi Tilly kaangusha kijiko tu, Craig kapiga mlango ngumi mpaka umetoboka. Halafu akakaa chini akalia. Tilly sasa anakula kwa mikono ili kijiko kisilie." Leanne akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Twende kwa daktari, mimi na wewe. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Noreen aliitazama picha ya Len juu ya jiko. Mwezi uliofuata kulikuwa na fainali, ya kwanza kwa Skelby tangu mgodi ufungwe. Aliwaza foleni ya buchani, na jinsi watu wangenyamaza akiingia.

"Lakini vipimo vyake ni vilevile," alisema kwa sauti ya mtu anayejibembeleza mwenyewe. "Maneno mawili Januari, maneno mawili akigongwa. Hajashuka."

"Mama, si unajua yale mawili ni ya uongo?"

"Ngoja fainali ipite. Ikipita, tutakwenda wote. Nakuahidi."

Leanne akaenda kumchukua mtoto shuleni.

Siku ya fainali jua liliwaka kama halijawahi kuiona nchi yetu. Noreen alikaa mstari wa mbele na skafu ya timu shingoni, mzee Hepworth pembeni yake na pai mkononi. Kipindi cha pili kilipoanza, bega la mtu lilimpata Craig kwenye taya. Alianguka kama gunia, akainuliwa, akapelekwa ndani kupimwa.

Dakika kumi na tano Noreen hakupepesa macho. Huko ndani Craig alisomewa maneno matano, akakumbuka mawili. Karatasi ya Januari ilisema mawili. Akaruhusiwa.

Alipotokea, watu wa Skelby waliliimba jina lake. Lakini mama yake aliona jambo ambalo waimbaji hawakuliona. Craig alikwenda akasimama upande wa wapinzani, akiwa amelikabili goli lake mwenyewe, mpaka mwenzake akamshika mabega na kumgeuza.

Daktari wa timu alikuwa kwenye mstari wa uwanja, hatua thelathini kutoka pale alipokaa Noreen. Kulikuwa na kizuizi kifupi tu katikati. Angeweza kukipanda. Angeweza hata kuita.

"Unamwona?" mzee Hepworth alisema huku machozi yamemlengalenga. "Baba yake mtupu. Barraclough hatoki."

Noreen alibaki kwenye benchi.

Dakika nne baadaye Craig alipokea mpira na kukimbilia ukuta wa watu. Safari hii hakunyanyua hata mikono kujikinga. Alipolala pale chini, uwanja ulikaa kimya, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mama yake: "Simama, mwanangu! Simama!" Kwa kuwa mama ndiye pekee ambaye Craig alikuwa akimsikia, alijaribu. Goti likapinda, akaanguka tena, kwa uso.

Mwezi wa Oktoba Craig, mama yake na Leanne waliketi mbele ya daktari bingwa wa ubongo, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alisoma polepole: "Kofia, mto, dirisha, chumvi, farasi." Kisha akamwomba Craig ayarudie.

Craig alitazama mikono yake. "Kofia," alisema. Mengine hayakuja.

Noreen akacheka kidogo. "Anaigiza, daktari. Ndivyo anavyofanyaga. Craig, mtajie yote. Hapa si kwenye timu."

Craig akamgeukia, na usoni mwake hamkuwa na mzaha wowote.

"Anafanyaga tangu lini?" daktari aliuliza.

Noreen akasimulia. Viazi, maneno matatu, mwakani mawili. Alipomaliza, daktari alizipanga mezani karatasi za Januari alizoletewa kutoka kwa daktari wa timu, moja baada ya nyingine.

"Hapa mwanzoni alikuwa anaigiza," alisema, kidole kikitembea. "Na hapa mwisho, naamini, hakuwa anaigiza tena. Mahali fulani katikati uongo uligeuka kweli. Karatasi hizi ndizo zilizowekwa zituonyeshe ni wapi, tumtoe mapema. Haziwezi tena."

"Ni Januari ipi?" Leanne aliuliza.

"Sijui, dada. Hakuna atakayejua."

Craig aliinama kwa mama yake na kumnong'oneza kama mtoto aliyetoka kwenye mtihani. "Mama, nimepita?"

"Umepita, mwanangu," Noreen alisema.

Leo Leanne na Tilly wanaishi juu ya duka la mikate, na Craig amerudi kwa mama yake. Ana miaka thelathini na moja. Jumapili anakaa kwenye kiti cha baba yake, lakini viazi anamenya Noreen, kwa sababu Craig hukisahau kisu mkononi. Picha ya Len imegeuzwa, uso ukielekea ukutani. Wakati nyama iko jikoni, Noreen humsomea polepole: kiatu, mvua, daraja, sukari, mshumaa. Kisha hungoja.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mwili wa mtoto si mali ya mji. Wanaoimba jina lake hawatakuja kumfunga viatu. Mwanao akikuambia amemdanganya daktari, usicheke, na usiipeleke hadithi buchani. Vaa koti, mrudishe siku hiyohiyo akaseme kweli, hata akinuna mwaka mzima. Mkamwana wako akija na machozi, mwamini, usimwambie angoje. Na ukiona kwa macho yako kwamba mtoto hajui amesimama wapi, inuka. Waache watu waseme. Noreen alikuwa mbali na daktari kwa hatua thelathini tu, na mpaka leo anazihesabu.