Picha ya Mama Iko Kwenye Dawa

Picha ya kwanza ya Kibibi ilipoharibika, walicheka. Mama yake alikuwa akimpiga kwa kamera mpya ya dijitali, picha ya kupeleka shule, na kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera kila kitu kilionekana sawasawa: kola nyeupe, vifungo, nywele zilizosukwa asubuhi hiyo huku mwenyewe akilia. Uso tu ndio haukuwepo. Pale pa uso palikuwa na weupe mtupu.

"Umetikisika," mama alimwambia. "Hebu kaa kama mtu."

Mtoto akakaa kama mtu. Akapigwa tena, weupe uleule. Akapigwa kwa simu, vilevile. Mama akaigeuza simu akajipiga mwenyewe, akatoka vizuri mpaka kovu la kidevuni ambalo angependa lisitoke.

"Mashine zenu hizo," alisema babu kutoka kwenye kiti chake, wala hakuficha furaha. "Mkanda haukuwa na mambo hayo."

Babu huyo ndiye aliyekuwa na studio. Mtaani walimwita Mzee Cheka, kwa sababu tangu ujana wake kila aliyekaa mbele ya kamera yake aliambiwa "cheka kidogo," hata waliofuata picha za vitambulisho, ambazo hazitaki kicheko. Aliwapiga maharusi, akawapiga watoto wao, akaja kuwapiga wajukuu. Sasa mikanda ilikuwa haipatikani tena. Duka la mwisho lililomuuzia dawa za kusafishia picha lilikuwa limegeuka duka la vifuniko vya simu, na binti yake, mama Kibibi, alishaongea na fundi aje ang'oe masinki ya chumba cha giza, aweke kompyuta na printa. Mzee alikubali kwa mdomo. Lakini kila fundi alipopangiwa siku, mzee alishikwa na kiuno.

Jioni ya siku ileile chumba cha giza kilianza kunuka siki. Kila msafisha picha anaijua harufu hiyo. Ni ya dawa ya pili, ile inayozuia picha isizidi kuiva. Ila trei za mzee zilikuwa zimekauka miaka mingi, na ndani yake alikuwa anaweka viatu vibovu.

Kesho yake, mchana kweupe, mzee akifuta vumbi lenzi zake, alimsikia Kibibi akisema "Bado." Mtoto alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha giza, ameegemeza sikio.

"Unaongea na nani, mama?" Alimwita mama kwa sababu Kibibi alikuwa somo wa marehemu mama yake, na utani huo uliipendeza nyumba nzima.

"Na bibi wa humo ndani. Anauliza kama imetoka."

"Ukamjibu nini?"

"Si ulinifundisha, babu? Mteja akiuliza kama imetoka, niseme bado, iko kwenye dawa."

Kitambaa kilimwanguka mzee. Akafungua mlango kwa nguvu za hasira, maana mtu mzima akiogopa hutanguliza hasira. Hakukuwa na mtu. Viatu vibovu vilikuwa vimepangwa chini, viwili viwili, na ndani ya trei kavu kulisikika maji yakitikiswa taratibu, huku na huku, jinsi msafisha picha anavyotikisa.

Usimwonee huruma upesi. Alijua vizuri nani aliyezoea kuuliza hivyo.

Kinyozi hajinyoi, na mpiga picha yule hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Mama alikuwa amemwomba siku nyingi. Siku moja akaja studio bila kuitwa, amevaa nguo yake ya kutokea, amejipaka mafuta usoni, akakaa kwenye kiti mbele ya pazia la buluu na kuweka mikono magotini. Kesho yake kulikuwa na harusi ya watu wakubwa, na mkanda uliobaki ulikuwa mmoja tu. Mwanawe hakuutia. Alielekeza kamera tupu, akasema cheka kidogo, akawasha fleshi. Wapiga picha wa zamani walikuwa na tabia hiyo kwa watoto wasumbufu na walevi. Waliita kupiga hewa. Kumpiga hewa mama mzazi sijasikia mwingine aliyefanya.

"Nimefumba macho?" mama aliuliza, akipepesa kwa ule mwanga.

"Hapana, mama. Umetoka vizuri."

Alikusudia kumpiga kweli wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na ubatizo, nyingine ikawa na mahafali. Mama kila akitoka sokoni alipitia dirishani na kikapu chake: "Imetoka?" Naye akajibu: "Bado, mama, iko kwenye dawa." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema waliozaliwa juzi, mteja anapojiona papo hapo kwenye kioo. Enzi za mkanda, kati ya fleshi na picha palikuwa na siku nyingi za giza, na mwongo aliweza kujenga humo akahamia. Mama aliugua. Kitandani aliwaambia waliomjulia hali kwamba picha yake nzuri iko kwa mwanawe. Akafa. Mzee Cheka akawaambia dada zake kwamba mkanda uliingia mwanga, na dada zake, maskini, wakampa pole yeye.

Baada ya siku ile ya mlangoni Kibibi alinyamaza. Aliacha kuruka kamba, akaacha kuomba simu ya mama yake. Akirudi shule aliketi kwenye kiti cha mbele ya pazia, mikono magotini. Mama yake alipompeleka zahanati, daktari alimmulika macho, akasema mtoto hana homa. Halafu siku moja mama yake akiwa anamfunga viatu, Kibibi alimtazama babu yake juu ya kichwa cha mama, akapepesa, akasema kwa sauti nzito iliyochoka:

"Niambie kweli, mwanangu. Nimefumba macho?"

Mama Kibibi aliachia kiatu. "Baba, mtoto anasema nini?"

Mzee akakaa sakafuni palepale. Alisema yote, bila kupumzika, akiwa ameshika kiatu kile kidogo. Alipomaliza, binti yake alikitoa kile kiatu mkononi mwake.

"Bibi yangu alikuwa anangoja," alisema. "Mpaka anakata roho, alikuwa anangoja. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mkavu wa maneno na wa mwili. Alinusa mlango wa chumba cha giza, akarudi nyuma hatua moja, akamvuta Kibibi kwapani mwake.

"Ni mama yangu?" mzee alinong'ona.

"Mama yako ana shughuli zake huko aliko. Huyu ni jini," mganga alijibu kwa sauti ya chini vilevile. "Wewe ulijenga giza katikati ya mchana, ukaweka humo mtu anayengoja. Majini hupenda nafasi kama hizo. Amekalia kungoja kwa mama yako mpaka anajiona ndiye. Sasa mnataka kubomoa, na hajapata sura. Anachukua ya somo."

"Mfukuze. Nakuomba, dada yangu."

"Mimi nafukuza aliyeingia bila kukaribishwa. Huyu ulimpa kiti na ahadi. Mpe picha yake, au umwambie wewe mwenyewe kwamba hutampa. Fanya upesi. Mtoto huyu ana baridi."

Nyuma ya barafu kwenye friji mzee alikuwa na mkanda wa mwisho, uliopitwa na wakati tangu Kibibi hajazaliwa. Akautia kwenye kamera ya zamani. Akaielekeza kwenye kiti kitupu mbele ya pazia. "Cheka kidogo, mama," akasema, machozi yakimtoka, akawasha fleshi. Kisha akachukua chupa za dawa zilizobaki tangu zamani. Ile ya kwanza, inayoitoa picha, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na kila fundi anajua dawa ya rangi hiyo imekufa. Naye alijua. Alienda nayo hivyohivyo, akitumaini, na kujifungia mlango.

Mkanda hauingizwi ndani ya kopo lake la kusafishia kwa taa yoyote, hata ile nyekundu. Vidole ndivyo vinavyoona. Akazima. Nje jua la alasiri lilikuwa linawaka na watoto wanacheza, lakini mle ndani palikuwa usiku wa chini ya ardhi, na vidole vyake vya kizee vilipoanza kuupindisha mkanda kwenye gurudumu la kopo vikakwama, vikarudia, vikakwama tena, harufu ya siki ikipanda mpaka machoni, mpaka akasikia kiganja kingine kikija juu ya kiganja chake, kikavu, chepesi, chenye joto la mtu aliyetoka juani, kikamwongoza kidole kwa kidole kama alivyoongozwa utotoni kushika kijiko, na pumzi ikamkaribia sikioni, na ile sauti ya dirishani, na kikapu kikilia kidogo mkononi, ikauliza, "Imetoka?"

"Bado, mama," alijibu kabla hajafikiri. "Iko kwenye dawa." Safari hii ilikuwa kweli.

Akamimina, akatikisa, akamwaga, akamimina ya pili na ya tatu, na muda wote huo mtu alisimama nyuma yake akisubiri kwa adabu, kama mama alivyokuwa akisubiri, bila kulalamika, na hiyo adabu ndiyo iliyomuumiza kuliko hofu. Akawasha taa nyekundu bila kugeuka. Akauinua mkanda.

Ulikuwa mweupe kama kioo, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kiti, hakuna pazia.

"Imetoka?"

Maneno yalikuja yenyewe mdomoni, matamu, yaliyozoea njia: umetoka vizuri, mama. Nje alimsikia Kibibi akikohoa.

"Haikutoka," alisema. "Haitatoka. Siku ile kamera haikuwa na mkanda, mama. Nilikupiga hewa, kwa ajili ya harusi ya watu ambao siwakumbuki hata majina. Ukaja na nguo yako nzuri, nami nikakupiga hewa. Hakuna picha yako duniani, na mimi ndiye sababu."

Ile sauti ya maji kwenye trei kavu ikatulia. Pumzi ikahama kutoka sikio hili ikaenda sikio lile, na sauti, ambayo sasa haikuwa ya mama yake wala ya mtu, ikasema polepole:

"Basi kaa wewe."

Akahisi vidole vikavu vikimpita usoni, kutoka paji mpaka kidevu, kama mtu anayefuta ubao. Halafu hapakuwa na siki. Palinuka viatu vibovu tu.

"Babu!" Kibibi aligonga mlango. "Nina njaa, na huyu mama mganga ananibana!"

Mama yake alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Mganga akafunga safari yake bila kuaga sana. Kisha mama Kibibi akawakalisha wawili hao mbele ya pazia la buluu, akapiga kwa simu, akatazama. Akalia kwa furaha. Uso wa Kibibi ulikuwa umetoka wote, na pengo la jino lililong'oka juzi.

Halafu akaacha kulia. Akapiga tena. Akasogea, akapiga mara nyingine.

"Nini?" mzee aliuliza.

Akamwonyesha. Kando ya mtoto kulikuwa na shati lake, kola, kalamu mfukoni, mikono yake miwili imetulia magotini. Juu ya kola palikuwa na weupe.

"Babu, umefumba macho?" Kibibi aliuliza akichungulia.

"Nafuta, baba," binti yake alinong'ona. "Nafuta, tupige nyingine, tutapiga mpaka..."

Mzee Cheka akaishika simu, akaitazama kwa jicho lake la kazi, kama alivyotazama picha za watu maisha yake yote.

"Acha, mwanangu," alisema. "Imetoka."