Bei ya Siku Moja ya Fundi Mshamu

Siku ile mjinga alikuwa Mshamu. Hakuna wa kumsingizia. Mwenyewe anakiri, na akikiri hucheka kabla wenzake hawajamcheka.

Mshamu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anaishi Mchukwi na mkewe Mwanamina na binti yao Rukaiya. Nyuma ya nyumba wana mikorosho kumi na minane. Wana pia shamba la mpunga huko Mbuchi, deltani. Kila mwaka mpunga ukitoa masuke, Mwanamina huhamia shambani. Hukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akifukuza ndege mchana kutwa. Ndege wa Mbuchi hawana haya. Ukiinama kunywa maji, ukiinuka wamekwisha kukaribishana.

Lakini safari hii Mwanamina alikuwa mjamzito. Mkunga alimwambia asikae mbali na hospitali. Kwa hiyo ilibidi wapate mlinzi wa kumlipa. Bila mlinzi, hakuna mpunga. Bila mpunga, nyumba nzima itanunua chakula dukani mwaka mzima.

Ndipo Mshamu akaenda Kibiti kutafuta kazi. Kulikuwa na ghala kubwa la vyuma linajengwa. Mafundi walipatikana kupitia wakala mmoja aitwaye Hemedy. Njiani Mshamu alipanga hesabu yake. "Nitataja elfu kumi na tano kwa siku. Atanishusha hadi kumi na mbili. Nitajifanya nimeumia, kisha nitakubali."

Alipofika ofisini, Hemedy alimuuliza, "Fundi, unataka shilingi ngapi kwa siku?"

"Elfu kumi na tano."

"Tumekubaliana."

Hakubisha hata kidogo. Akamwagizia na soda baridi. Mshamu akatia sahihi mkataba wa miezi mitatu. Karatasi akaiacha palepale mezani, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Mama Rukaiya, mumeo anajua kuuza!" alisema. "Nimetaja bei, mtu kakubali papo hapo."

Mwanamina alikuwa anachambua mchicha. "Hakuomba upunguze?"

"Hata mia."

"Hmm. Mimi nikiuza mchele, mteja akikubali bei ya kwanza, siku hiyo usingizi siupati."

"Wivu huo."

"Haya. Soda ilikuwa tamu?"

Kazi ikaanza. Mshamu alichomelea vizuri. Abbasi, msimamizi wa ujenzi, alimpenda. "Tukianza kupaua nakutaka wewe," alimwambia. "Patakuwa na mkataba mwingine, miezi sita."

Wiki ya mwisho ya mkataba ule wa kwanza, Mshamu alikuwa amekaa anakunywa chai. Abbasi akapita, akamtania. "Fundi, mradi unatoa elfu ishirini na saba kwa siku kwa ajili yako, nawe unakunywa chai mara mbili?"

Kikombe kikasimama katikati ya safari. "Ishirini na ngapi?"

"Na saba. Ndiyo tunayomlipa wakala wako. Hukujua?"

Hakujua. Kila siku elfu kumi na mbili zilikuwa zinashuka njiani, na yeye hakujua hata kituo chenyewe.

Jioni alifika nyumbani amefura. "Kesho nakwenda kuipindua meza ya Hemedy!"

"Meza imekosa nini?" Mwanamina akamuuliza. "Vaa kanzu yako, twende kwa Bi Zena."

Bi Zena ni jirani yao, katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Aliwakaribisha barazani, akamsikiliza Mshamu mpaka mwisho. Kisha akacheka.

"Bwana Mshamu, si wewe mwaka jana ulisimama mkutanoni ukagombea shilingi thelathini za makato ya kilo? Watu wakachelewa chakula cha mchana!"

"Ni mimi."

"Tukakuita Bwana Makato."

"Bi Zena, nimekuja kuomba shauri, si kuchomwa msumari."

"Shauri ndilo hilo. Korosho yako ikiuzwa, bei ya mnada inatangazwa, kila mtu anasikia. Kisha unapewa karatasi. Kato hili la usafiri, kato hili la chama, kinachobaki hiki hapa. Sasa mkono wako umeuuza bila kuuliza bei ya mnada. Mkono wako ni rahisi kuliko korosho?"

Mshamu akaitazama mikono yake. Ilikuwa na alama za cheche.

"Kwa hiyo Hemedy ni mwizi?" aliuliza.

"Taratibu. Wakala naye anafanya kazi. Anatafuta mradi. Anakulipa wewe hata mradi ukichelewa kumlipa. Anapeleka mchango wako NSSF. Hayo yana gharama, na yeye pia anakula. Kosa lako ni kutouliza. Kabla ya kutia sahihi, uliza: mwenye mradi anatoa ngapi kwa siku? Wakala anabaki na ngapi, na ni za nini? Mimi napata ngapi mkononi? Majibu yaandikwe. Nakala uondoke nayo, ukaisome nyumbani. Muombe akuonyeshe kibali chake cha uwakala. Na mtu akikudai hela ili akupe kazi, mkimbie."

"Akikataa kunijibu?"

"Kuna afisa kazi. Nenda ukamuulize haki yako. Lakini anza kwa maneno mazuri. Meza iache."

Kesho yake Mshamu alikwenda Kibiti. Mwanamina alifuatana naye, kwa sababu alitaka kununua nguo za mtoto. Walizinunua kwanza, kisha wakaingia ofisini pamoja. Hemedy alikuwa ameshaandaa mkataba wa miezi sita. Bei ni ileile, elfu kumi na tano.

"Bwana Hemedy," Mshamu akasema, "mradi unakulipa ngapi kwa siku yangu moja?"

Hemedy akatabasamu. "Fundi, hiyo ni siri ya biashara."

Mshamu hakupandisha sauti. Alitoa mfukoni karatasi yake ya korosho, akaikunjua mezani. "Hii bei ya mnada. Haya makato, kila moja na jina lake. Hiki ndicho nilichopata. Nami naomba siku yangu iandikiwe karatasi kama hii. Najua ni elfu ishirini na saba."

Hemedy aliacha kutabasamu. "Mafundi ni wengi, bwana."

 Akilini Mshamu aliwaona ndege wa Mbuchi wakishuka shambani, kundi baada ya kundi. Alitaka kusema basi, lete kalamu. Akamtazama Mwanamina. Mwanamina alikuwa anakunja kijishati cha mtoto, pole pole, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

"Ni wengi," Mshamu akasema. "Lakini Abbasi ameniomba mimi kwa jina langu. Muulize."

Hemedy akakuna kidevu. Hatimaye akavuta karatasi nyeupe, akaanza kuandika. NSSF. Bima ya ajali. Kazi ya ofisi. Vifaa vya fundi.

"Vifaa vipi?" Mshamu akauliza. Akanyanyua mguu. "Buti hili nimenunua mwenyewe. Glavu zangu pia."

Hemedy akafuta mstari. Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari, mpaka adhuhuri. Mwisho ikawa elfu ishirini na moja kwa Mshamu, sita kwa wakala, na vifaa vinunuliwe na wakala. Kibali cha uwakala kilikuwepo, kimetundikwa ukutani muda wote. Mshamu hakuwahi kukitazama.

Safari hii hakutia sahihi palepale. Alibeba karatasi nyumbani, wakaisoma na Bi Zena. Kesho yake ndipo akasaini, na nakala ikalala sandukuni, chini ya kanga za Mwanamina.

Nyongeza ile ilimlipa Mtoro, kijana wa Mbuchi mwenye sauti ya kutisha. Mtoro alipanda dunguni, na ndege wakahamia kwa watu wengine. Mwanamina alijifungua salama pale Mchukwi, mtoto wa kiume. Mpunga ulipovunwa, magunia yalijaa ukumbini, wakabaki na ya kula na ya kuuza.

Siku moja mnunuzi akapiga hodi. Alikuwa Hemedy.

"Mama, nimesikia mna mchele mzuri. Kilo shilingi ngapi?"

Mwanamina akataja bei. Hemedy akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ghali mno! Maji ya mto ni ya Mungu, mvua ni ya Mungu. Hebu niambie kweli, kwa kilo moja wewe unabaki na shilingi ngapi?"

Mwanamina akamhamishia mtoto bega la pili.

"Bwana Hemedy, hiyo ni siri ya biashara."